Kitufe cha Kura

Shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu, aliniuliza mbele ya watu: "Shem, kwa siku unacheza gemu saa ngapi?"

Tulikuwa Kashai, mjini Bukoba, kwenye chumba cha kupanga alichokigeuza ofisi. Kulikuwa na vijana watatu wenye kompyuta, dirisha moja, na mimi kwenye kiti cha plastiki, nimekumbatia bahasha ya michoro yangu kama mgonjwa aliyeshika picha zake za eksirei. Nilikuwa nimekwenda kuomba kazi. Niseme hivyo mapema, msomaji asije akanitafutia sababu ya heshima zaidi. Nilikuwa mtu wa makamo, nina shahada ya sanaa, nimeandika insha nyingi kuhusu kazi za wachoraji wengine, na sasa nilitaka kuchora gemu. Nilitaka sana.

Yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza gemu ya simu kuhusu kibanja, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba ya Mhaya. Nilivyowatazama, hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye kibanja zaidi ya siku za Krismasi. Mimi nimezaliwa ndani ya kibanja, Kishanda, wilaya ya Muleba, na mama yangu bado anaishi humo. Nilitaka kibanja cha kwenye gemu kiwe kile. Nilitaka mtu wa Mtwara, amekaa benki anasubiri zamu yake, afungue simu aione migomba ya mama yangu.

"Sichezi," nilimjibu. "Ninachora."

Wale vijana wakatazamana.

"Hata drafti?" mmoja aliuliza.

"Drafti nacheza."

Walicheka mpaka mmoja akalazimika kutoka nje.

Shemeji hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Aliniegemea kama daktari. "Shem, usichukie. Mtu anayetaka kuchora gemu acheze saa tatu kila siku. Asubuhi moja, mchana moja, jioni moja. Ni dozi. Ukiimaliza, rudi." Akaifungua bahasha, akachungulia mchoro wa juu tu, akanirudishia. "Mkono unao. Tatizo ni kwamba wewe ni babu penseli."

Babu penseli! Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni siku ya harusi yangu mwenyewe, nimevaa suti, kwa sababu viatu vilikuwa vinambana na hakutaka kuvivua mbele ya watu. Nilimbeba kutoka kanisani hadi kwenye gari huku bibi harusi akitembea peke yake.

Ukutani walikuwa wamebandika mchoro wa mgomba waliouchora wenyewe. Ulikuwa na matawi. Naapa, mgomba wenye matawi, kama mwembe, na mkungu ambao ndizi zake zilitazama chini kama samaki waliotundikwa wakauke.

"Huo ni mgomba wa wapi?" niliuliza.

"Wa gemu," alisema shemeji. "Mchezaji haangalii hayo."

Nilirudi nyumbani Hamugembe kwa miguu. Bodaboda waliniita njia nzima na wote niliwakatalia, maana kwa pikipiki ningefika kabla sijamaliza kumchukia.

Mke wangu alikuwa anamenya ndizi uani. Alinitazama usoni, akaitazama bahasha.

"Amekukataa?"

"Amenipa dozi."

Nilipomweleza alicheka hadi kisu kikamdondoka. "Mdogo wangu ana mdomo huyo! Babu penseli! Sasa utafanyaje?"

"Nitaimeza dozi yake yote," nilisema, "halafu nimtapikie."

Ndivyo nilivyoanza kucheza gemu, kwa hasira. Wengine huanza kwa kupenda, wengine kwa kukosa cha kufanya. Mimi kila nilipobonyeza kitufe niliona ile sura yake ya udaktari.

Karibu na kwetu kuna kibanda ambacho watoto hucheza mpira wa kwenye runinga. Niliingia nikakaa kwenye benchi, magoti yakanifika kidevuni. Binti wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa bingwa wa siku hiyo, alinipa pedi, ile ya kushika mikononi yenye vitufe, akanitazama kwa huruma.

"Babu, umeigeuza juu chini."

"Najua. Naangalia imeandikwa nini."

Alinifunga mabao mengi kiasi kwamba mwishoni alikuwa anachezea mkono mmoja huku anakula muwa. Baada ya hapo watoto walianza kugombania kucheza na mimi. Nilidhani wamenipenda. Mke wangu ndiye aliyenifafanulia: kule kibandani kila mtu alikuwa anatafuta mtu wa kumfunga, na mtaa mzima ulikuwa umeshapata mmoja.

Nikahamia kwenye simu. Nilicheza za kulima, za kujenga, za kukimbia juu ya mapaa. Nilicheza mezani, nikacheza chooni mpaka mke wangu akagonga mlango: "Humo ndani ni choo au ni ukumbi?" Saa tatu za shemeji nilizipita siku ya kwanza tu. Nilikuwa kama mtu aliyeambiwa vidonge vitatu naye akameza kopo zima ili kumwonyesha daktari.

Na nilijifunza. Hapo ndipo paliponiuma. Ningependa kuandika kwamba nilicheza nikaona ni upuuzi mtupu, lakini siwezi. Kabla ya hapo, nikitazama mchoro, niliutazama kama mtu aliyekaa. Mchezaji hajakaa. Anakimbia, na jicho lake linauliza maswali mafupi: hiki kinaliwa? Hiki kinauma? Hapa panapitika? Mchoro wa gemu usiojibu hayo upesi ni mchoro mbaya, hata ungekuwa umetundikwa ikulu. Nilichukua michoro yangu ya kwenye bahasha, nikaipiga picha, nikaitazama kwenye simu. Migomba yangu, niliyoichora kila mshipa wa jani na kila ganda kavu la shina, ilionekana kama sahani ya mchicha iliyoachwa tangu jana. Yule mtoto alikuwa sahihi nusu. Nilimchukia mara mbili zaidi.

Lakini ile nusu nyingine haikukawia kujitokeza. Nilipokaa kuchora, mkono ulileta vitu nisivyovijua. Majani yote yakawa na kung'aa kulekule, mawe ya mviringo uleule, na kila kitu kilikuwa na kivuli cha buluu ambacho Kishanda hakipo. Siku moja nilichora mgomba, nikauangalia, nikaona ninachora tawi.

Nilipanda gari asubuhi yake nikaenda kwa mama.

Mama yangu ana kibanja cha zamani, kile ambacho ukiingia mchana unadhani jua limeghairi. Nilikaa kwenye kigoda chini ya migomba, na kwa kuwa mazoea yalishanikamata, nikatoa simu nikaanza kulima shamba la kwenye gemu. Mama alitokea na panga mkononi na rozari shingoni. Tulizungumza Kihaya, maana Kiswahili mama hukitoa kwa wageni tu, kama vikombe vya kabatini.

"Unafanya nini?"

"Nalima, mama."

Akaitazama simu, akanitazama, akayatazama magugu miguuni mwangu. "Shamba la nani?"

"La gemu. Ni kazi. Nataka kuchora gemu, na shemeji amesema lazima kwanza nicheze saa tatu kila siku."

"Shemeji yupi? Yule wa viatu?"

"Yuleyule."

Nikamweleza yote, hadi babu penseli. Mama alikaa chini ya kahawa, akatafakari kwa muda kama wa salamu Maria moja.

"Waitu, mwanangu, msamehe," alisema. "Imeandikwa tusamehe." Akainuka, akakata jani kavu lililomgusa kichwani. "Lakini kwanza mwonyeshe. Ukimsamehe kabla hujamwonyesha atadhani umeogopa."

Sijawahi kupata mahubiri yaliyonifaa namna ile. Nilizima simu nikachora mpaka mvua iliponifukuza. Nilichora kwa kujibu yale maswali mafupi ya mchezaji, lakini majibu niliyatafuta kwenye kile kibanja. Mkungu ulioiva: ndizi zinazotazama juu, kichwa cha ua kinachoning'inia chini yake, nguzo ya panda inayoubeba usidondoke. Nilivipunguza mpaka vikabaki maumbo machache, mkungu ukawa unatambulika hata ukiwa mdogo kama ukucha. Tangu siku hiyo nilijiwekea dozi yangu: nacheza mpaka nione jambo moja ambalo sikuwa nimeliona, kisha naizima simu nikalichore. Siku nyingine hiyo ni nusu saa. Siku nyingine ni dakika tano na hasira.

Niliporudi Kashai, wale vijana watatu waliacha kompyuta zao wakaja kutazama. Hakuna aliyecheka. Shemeji aliushika ule mkungu, akausogeza mbali, akaurudisha karibu.

"Umecheza," alisema.

"Nimecheza."

"Saa tatu?"

"Nilipitiliza."

"Basi kazi umepata. Kwa majaribio." Nami nilikuwa nimeshaanza kulainika, nikitafuta neno la shukrani, alipowageukia wenzake: "Babu penseli amewekwa betri."

Basi. Nikalirudisha lile neno nilikolitoa.

Nikaanza kazi. Na hapa lipo jambo ambalo msomaji atalipenda kama nilivyolipenda mimi: yule aliyenitaka nicheze gemu za dunia nzima alinikataza kucheza ya kwake. "Bado haijakaa sawa, shem. Utaiona siku ya wageni." Yeye mwenyewe hakuicheza. Alicheza za wengine, saa tatu kila siku, na ya kwake aliijaribu vipandevipande. Vijana waliniambia kwamba kwenye simu yake ameuzima uchovu wa mkulima, ili mkulima akimbie bila kusimama naye amalize majaribio haraka. Maagizo yangu aliyatuma kwa ujumbe wa simu. Chora tumbili. Chora senene kwenye taa. Chora jembe.

Siku moja likaja hili: "Mkulima akichoka anapiga magoti. Mchezaji anabonyeza kitufe cha kura, nguvu zinarudi. Shem, chora kitufe cha kura, kionekane vizuri hata kwenye simu ndogo."

Lazima nieleze kidogo. Sisi wa huku Kiswahili tumekipata shuleni, baada ya Kihaya, na herufi r na l kwetu zinalala kitanda kimoja. Mtu aliyesoma huzitenganisha akiandika, kama amelala vizuri. Shemeji hakuwa amelala vizuri. Alitaka kusema kitufe cha kula.

Nilijua. Hapo ndipo ulipo utamu wake. Kama ningebaki babu penseli, nisiyejua kitu, ningeweza kabisa kudhani kwamba gemu hii ina uchaguzi ndani yake. Lakini nilikuwa nimemeza kopo zima la dozi, na nilishajua kwamba kwenye gemu, kila aliyechoka anakula. Anakula tufaha, anakula mkate, anakula uyoga wa ajabu. Yeye ndiye aliyenilazimisha nijifunze. Nilikaa mezani, nikanoa penseli, nikachora sanduku la kura.

Sijawahi kuchora kitu kwa upendo namna ile. Sanduku lenye tundu juu, mkono ukitumbukiza karatasi iliyokunjwa, na kidole kidogo chenye wino. Lilitambulika hata likiwa dogo kama ukucha, kama alivyoagiza. Nilimtumia pamoja na tumbili na jembe. Akanijibu kwa kidole gumba. Kwa haraka aliona kisanduku na mkono unaoweka kitu, akadhani labda ni bakuli.

Siku ya wageni tulikodi ukumbi pale mjini Bukoba. Wazazi wa vijana walikuja, mke wangu alikuja na kitenge kipya, na mgeni mkubwa alikuwa mama mmoja kutoka Dar es Salaam ambaye kampuni yake ndiyo ingeamua kama gemu itoke au isitoke. Shemeji alivaa suti. Niliangalia viatu vyake. Bado vilikuwa vinambana.

Yule mama alipewa simu, na alichokifanya kikaonekana ukutani kwa projekta. Migomba ya Kishanda ilipotokea, majani yakitikisika, watu walisogea mbele kwenye viti. Mzee mmoja nyuma yangu alisema kwa Kihaya, taratibu, kama anayesoma kaburini, "Mkungu unatazama juu." Kwa kitambo nilisahau kwamba nilikuja pale kwa ubaya. Nilitamani hata kukimbia mbele niuzime umeme.

Sikukimbia. Mkulima alilima, akapalilia, akafukuza tumbili, akatoka jasho, akapiga magoti. Kitufe kikatokea katikati ya ukuta, kikubwa kama mlango.

Yule mama alivaa miwani. "Hiki ni nini?"

Shemeji alikuwa amegeukia watu, ukuta uko mgongoni kwake. Akasema kwenye kipaza sauti, kwa fahari: "Hicho ni kitufe cha kura!"

"Naona ni cha kura. Sasa njaa yake je?"

"Si ndiyo anakura, mama! Bonyeza!"

Akabonyeza. Mkulima aliruka juu, mwenye nguvu tele, akashika jembe.

"Kumbe huku kwenu mtu akipiga kura anashiba!" alisema yule mama, na ukumbi ukaanguka. Watu walipigana migongo. Wale vijana watatu walijificha nyuma ya kompyuta zao. Shemeji aligeuka, akauona ukuta, kisha macho yake yakatafuta viti vyote mpaka yakanifikia. Mimi nilikuwa nacheka kwa sauti kuliko wote. Nilicheka kwa ajili ya drafti, nikacheka kwa ajili ya betri. Mke wangu aliponibana paja ili ninyamaze, nikamchekea na yeye.

Kisasi changu kiliishi muda mfupi tu. Yule mama, alipomaliza kufuta machozi, alisema sanduku litolewe, tusije tukatafutiwa maneno, lakini migomba isiguswe hata jani. Akauliza nani kachora. Shemeji alininyooshea kidole polepole. "Shemeji yangu," alisema. "Ni mchezaji mkubwa sana." Yule mama akasema gemu itatoka, mchoraji ni huyohuyo, na kabla hajarudi Dar anataka kukiona kibanja chenyewe.

Nje kwenye ngazi shemeji alinisubiri.

"Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Ulijua nilimaanisha kura."

"Kura ipi?"

Akapanda bodaboda bila kuaga. Nilitembea hadi Hamugembe, na safari hii pia niliwakatalia bodaboda wote, ili raha ichelewe kuisha.

Tulikwenda Kishanda, pamoja na mke wangu, kwa gari la yule mgeni. Shemeji alikaa mbele na hakunisemesha njia nzima. Mama alitupokea akiwa na gauni la kanisani. Kwanza alitupa buni za kutafuna, zile zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hawezi kuondoka bila kuzionja. Yule mama wa Dar alizunguka kibanja akipiga picha, akagusa nguzo za panda, akaniambia nimechora kweli. Vyote vilikuwa vyangu: kazi, migomba, na ushindi. Nilimtazama shemeji amesimama kando, viatu vimejaa matope, nikaona kwamba hata Mungu anajua kuchora.

Kisha tukaitwa ndani. Chakula kilikuwa kimefunuliwa, matoke ya moto kwenye jani, maharage, samaki. Na kwa kuwa kulikuwa na mgeni, mama akatoa kile Kiswahili chake cha kabatini. Sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu.

"Karibuni," alisema, akinyoosha mikono yote miwili. "Karibuni kura. Usione aibu, mama. Kura ushibe, nguvu zirudi."

Yule mgeni alinitazama, kisha akaangalia sahani yake kwa adabu nyingi. Mke wangu alishika kidevu. Na shemeji, ambaye hakuwa ameniangalia tangu zile ngazi, akanyanyua kichwa polepole sana, kama mkulima wa kwenye gemu anayerudiwa na nguvu.

"Shem," alisema kwa upole. "Mbona hucheki?"

"Acheke nini?" mama aliuliza. "Na wewe kura, mwanangu. Umekonda. Mwenzako anakuonea?"

"Ananionea, mama," alisema, macho hayajaniacha. "Lakini nakura. Nakura kwelikweli." Na kila r aliizungusha ulimini kama buni.

Nilikata kipande kikubwa cha matoke, cha moto kupita kiasi, nikakitia mdomoni ili nipate sababu ya kunyamaza.